Pedeli za Kunasa

Jumatatu, 3 Februari

Siku kubwa. Huenda kubwa kuliko zote tangu nizaliwe, ingawa ya kuzaliwa kwenyewe siikumbuki.

Shule imepewa baiskeli ya mashindano. Nesi Aline, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, amemaliza mkataba wake na kutuachia. Nyepesi ajabu. Nimeinyanyua kwa mkono mmoja, na mimi ni mtu ambaye ndoo ya maji hunishinda. Haina keria, haina kengele, haina madigadi. Wala haina pedeli. Pedeli zimo ndani ya boksi, pea tatu, kila pea ya aina yake, pamoja na pea moja ya viatu vigumu kama kwato.

Mwalimu Ghati wa michezo alieleza mstarini. Mwanafunzi mmoja atakwenda na baiskeli hiyo Kasulu, kwenye mashindano ya shule za sekondari, tarehe 22. Huyohuyo ndiye atakayekaa nayo mpaka amalize shule. Anayetaka anyooshe mkono. Gasper akanyoosha. Mwingine hakuna. Nani angeshindana na Gasper? Tangu shule ya msingi anabeba ndizi kwa baiskeli kutoka kwao mlimani. Mapaja yake ni kama nguzo za kanisa.

Mkono mwingine ukapanda. Ulikuwa wangu. Mpaka sasa sijui nani aliunyanyua.

Kidato cha Tatu kizima kilicheka. Gasper akasema kwa upole kabisa kwamba Profesa ameomba ruhusa ya kwenda chooni. Profesa ni mimi.

Sababu naiandika humu tu. Firdausi, binti wa Mzee Khamisi wa duka la spea, amehamia shule ya Kasulu tangu Januari, anakaa kwa shangazi yake. Kwa miaka miwili niliyosoma naye nimemwambia maneno manne: "Kamusi yako hii hapa." Nataka anione nikiingia Kasulu juu ya kitu.

Jumanne, 4 Februari

Mwalimu Ghati ameniita ofisini. Karatasi za maelezo ya pedeli ziko kwa Kiingereza na Kifaransa, na kwa maoni yake mimi ndiye pekee shuleni ninayesoma karatasi hata kama si ya mtihani. Nichague pea moja, nimweleze kwa nini. Majaribio kati yangu na Gasper ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwenda Kitahana na kurudi, baiskeli ileile, mmoja baada ya mwingine, saa atashika yeye.

Nimesoma karatasi zote. Hizi si pedeli za kukanyaga. Ni za kunasa. Chini ya kiatu unafunga kibati kwa skrubu. Kibati kinaingia kwenye pedeli, kah, na mguu wako na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Mguu ukishuka unasukuma, ukipanda unavuta. Hakuna nguvu inayopotea. Ukitaka kutoka unapindisha kisigino kwa nje. Rahisi.

Aina ya kwanza ni pana na nyepesi, inanasa upande mmoja, na kibati chake ni cha plastiki, kikubwa kama andazi, kinatokeza chini ya soli. Ni ya wakimbiaji wa lami. Ya pili ni ndogo, chuma kitupu, inanasa pande zote, na kibati chake kinajificha ndani ya soli ili mtu aweze kutembea. Inasemekana haiogopi tope. Ya tatu ina sura mbili: upande mmoja wa kunasa, upande wa pili bapa kama pedeli ya baiskeli ya mtu yeyote. Hii unaweza kuipanda na ndala. Unaweza kuipanda peku.

Nilirudia sentensi hiyo mara kadhaa. Kisha nikatazama viatu. Namba 39.

Mimi navaa 39. Gasper ana miguu kama majembe.

Kwa hiyo tukifunga aina ya kwanza au ya pili, watu wanaoweza kuipanda baiskeli ile duniani ni wawili. Mmoja yuko Ubelgiji.

Hii si hila. Ni uchaguzi wa kitaalamu ambao kwa bahati una faida.

Aina ya tatu nimeiweka chini kabisa ya boksi na kuifunika kwa karatasi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemshauri Mwalimu Ghati aina ya kwanza. Nikamtajia uzito, upana wa eneo la kukanyagia na upotevu wa nishati. Alinisikiliza akisahihisha madaftari, akasema haya, Profesa, funga.

Mzee Khamisi alizifunga dukani kwake. Alizigeuzageuza, akachomeka kidole, akakichomoa haraka. Akauliza hii ni pedeli au mtego wa panya. Nikamweleza. Akasema kwao Pangani mtu akinaswa na kitu hupiga kelele, halipi fundi. Halafu akanipa salamu za Firdausi. Nilisikia vizuri? Alisema Firdausi anawasalimia wote mliosoma naye. Wote. Na mimi nimo.

Gasper alikuja kujaribu viatu. Vidole viwili vya mguu viliingia. Alikitazama kiatu kwa muda, akanitazama mimi, akasema, "Profesa, umenipiga bao kwa soli." Hakukasirika. Hilo ndilo linaloudhi kwa Gasper.

Jioni mazoezi. Kwenye ukuta wa darasa, nikiushika kwa mkono, nilinasa na kunasua vizuri sana. Nikatoka barabarani. Raha! Miguu inazunguka kama feni. Nilifika kwenye mteremko wa kanisa nikifikiria uso wa Firdausi.

Mbele yangu akatokea Mzee Ndayikunda, katekista mstaafu.

Sasa, kwetu huwezi kumpita mzee ukiwa umekalia baiskeli. Unashuka, unainama, unapiga makofi polepole, unasema mwakeye kama ni asubuhi, unajibu habari za nyumbani, za mihogo na za mgonjwa kama yupo, ndipo unaruhusiwa kwenda. Asiyeshuka ni mwenye mzigo tu. Huyo husalimia kwa mdomo na kusamehewa. Mimi sikuwa na mzigo. Nilikuwa na malezi.

Nikafunga breki. Nikashusha mguu. Mguu haukushuka.

Mtu anayeanguka na baiskeli kwa kawaida huanguka kwa fujo. Mimi nilianguka polepole, mzima mzima, kama mti uliokatwa vizuri, mpaka miguuni pa Mzee Ndayikunda. Nikiwa pale chini, ubavu mmoja matopeni, miguu yote miwili bado imenaswa, mikono ikawa huru. Nifanye nini? Nikapiga makofi. Nikasalimia.

Mzee aliegemea fimbo yake. Kisha akaitikia, na macho yake yalikuwa na machozi.

Jumapili, 9 Februari

Aina ya kwanza imefeli. Tope linajaa kwenye kile kibati cha plastiki na hakinasi tena, au kikinasa hakiachii. Na kutembea nacho haiwezekani. Leo nilikwenda na baiskeli kanisani ili nifanye mazoezi baada ya misa. Nilipopita kwenda kupokea komunyo, sakafu ya saruji ililia ko, ko, ko, na watoto wote wakageuka kutafuta mbuzi.

Jambo la ajabu zaidi ni hili. Nje ya kanisa wazee walinizunguka. Kumbe Mzee Ndayikunda amesimulia. Kwamba katika zama hizi za vijana kupita wakubwa na visikizio masikioni, yupo kijana wa Kibondo anayelala chini kabisa ili kusalimia. Walitaka kuniona. Mama mmoja aliniuliza nimefundishwa na nani. Bibi, ambaye ndiye anayenilea, alikuwa nyuma yangu amevaa kitenge chake cha misa. Alisema maneno mawili tu.

"Nimelea mimi."

Ningewezaje kusema ni pedeli?

Jumanne, 11 Februari

Nimebadilisha. Aina ya pili, ya chuma. Nilimwambia Mwalimu Ghati kwamba hali ya barabara imebadilisha hesabu. Aliuliza kama pea ya tatu niliiangalia. Nikajibu kwamba aina hiyo ni nzito kidogo. Si uongo. Ni nzito kidogo.

Tope kweli haiogopi. Kutembea naweza. Ina pia skrubu ndogo ya kuongeza au kupunguza nguvu ya kunasa. Karatasi inashauri anayeanza ailegeze. Nikafikiri: mimi si anayeanza, nina siku tano. Nikaikaza.

Leo nimewasalimia watu sita. Wote kwa ubavu.

Habari zimenitangulia. Zamani nilikuwa napita barabarani bila mtu kunijua, na nilipenda hivyo. Siku hizi watu wanatoka majumbani. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage mbali kabisa walinyooka, wakaweka majembe chini, wakaja mpaka kando ya barabara kunisubiri. Ningewapitaje? Mmoja aliniambia, mwana wanje, yaani mwanangu, usijiumize, inatosha kupiga goti. Nilitamani goti. Goti lilikuwa limefungwa kwenye baiskeli.

Gasper alikuwa anarudi na mikungu yake akanikuta chini. Yeye hakushuka, alikuwa na mzigo, alisalimia wote kwa mdomo na kuitikiwa. Kisha akaegesha baiskeli yake kwenye mti, akaja kunigeuza kama mtu anayegeuza kobe. Akanishauri, kama rafiki, nianze kuvaa godoro.

Ijumaa, 14 Februari

Janga. Mwalimu Ghati amefungua boksi.

Sikutegemea. Walimu huagiza maboksi, hawayafungui. Alitoa karatasi, akatoa pea ya tatu, akaigeuza upande bapa, akaigeuza upande wa kunasa, akaniita. Hakufoka. Watu wanasema Wakurya hufoka. Huyu ananyamaza, ni mbaya zaidi. Mwisho akaniuliza kwa nini pedeli inayomfaa kila mtu ilikuwa chini ya zisizomfaa mtu.

Nilisema niliziweka kwa mpangilio wa alfabeti.

Kesho Gasper atapanda kwa pea ya tatu, upande bapa. Mzee Khamisi atabadilisha kati ya zamu yake na yangu. Mwalimu alinipa nafasi ya kutumia pea hiyohiyo. Nilifikiri kidogo. Mtu aliyekwisha toa ushauri wa kitaalamu hawezi kuukana hadharani. Nikakataa. Nikasema nitatumia yangu.

Bibi hakujua lolote. Alinipaka mafuta ya nazi kwenye ubavu akaniambia kesho nisiwe na wasiwasi, amewaambia watu wote wa njiani kwamba mjukuu wake anashindana. Nilimshukuru. Sasa nakwenda kulala kwa amani.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeshindwa. Naandika kwa utaratibu ili nielewe.

Gasper alianza. Alikuja peku. Mgongoni alikuwa amefunga mkungu mdogo wa ndizi kwa kanga ya mama yake, kama mtoto. Mwalimu Ghati aliuliza wa nini. Gasper akasema wa kula njiani. Nilicheka moyoni. Mtu anajiongezea uzito siku ya mashindano! Akaondoka. Akarudi kabla jasho la Mzee Khamisi halijakauka. Watu wa huku wote wanakubali kwamba hajawahi kuonekana mtu akienda Kitahana na kurudi kwa haraka namna ile.

Hakushuka hata kwa mtu mmoja. Alikuwa na mzigo.

Niliielewa ile ndizi nikiwa tayari njiani. Nimesoma karatasi kwa lugha mbili, nimepima uzito wa kila pedeli kwa mizani ya maabara, na yeye alifikiria barabara.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Naapa. Kwenye kilima cha kwanza nilivuta na kusukuma kama karatasi inavyosema, na kwa dakika chache nilikuwa kijana mwenye kasi kuliko wote niliowahi kuwa. Kisha nikawaona. Wamejipanga. Bibi aliwaambia, nao wakaja kunitakia heri, pande zote za barabara, wazee na fimbo zao, akina mama waliokuwa wanakwenda gulioni wametua vikapu. Nani angewapita watu walioacha gulio?

Kwa wa kwanza nilianguka kushoto. Kwa wa pili, kulia. Baada ya hapo watu wa kila nyumba wakawa wananiinua na kunisukuma mpaka nyumba inayofuata. Mama mmoja alinipa muhindi wa kuchoma nikiwa chini. Mzee Ndayikunda aliweka mkono kichwani pangu akaomba sala ya baraka, ndefu, yenye kutaja mitume, na katikati ya sala nikafaulu kunasua mguu wa kulia. Sikuweza kuondoka. Ilikuwa sala.

Niliporudi geti la shule, Gasper alikuwa amekwisha oga. Mwalimu Ghati alikuwa amekaa kwenye kiti, simu mapajani. Aliitazama saa, akalitazama tope, akaiweka simu mfukoni bila kuandika kitu.

"Dionis," akasema, "nimeona watoto wakishindwa kwa pumzi, na kwa uvivu, na kwa uoga. Wewe umeshindwa kwa adabu. Sijui nikuadhibu au nikupongeze."

Nikamwomba aniache nioshe baiskeli. Niliiosha peke yangu. Nilipofika kwenye pedeli nililia kidogo, si sana. Ile baiskeli ni nzuri mno. Ina sauti ndogo gurudumu linapozunguka bure, kama mtu anayeng'ata karanga kwa mbali.

Jumatano, 19 Februari

Gasper amejaribu kukaza pedeli ya kushoto mwenyewe. Aliikaza kwa kuizungusha kama skrubu yoyote, na ikatoka mkononi mwake. Ya kushoto huzungushwa kinyume. Ipo kwenye karatasi. Alikuja kwetu kuniita, akakuta nasoma, akasimama mlangoni na pedeli mkononi kama mtu aliyeokota jino. Akasema bila mimi hafiki Kasulu. Nikasema basi usifike. Bibi akanitazama. Nikavaa viatu.

Mwalimu Ghati anasema nitakwenda kama fundi wa timu. Timu ni Gasper.

Jumamosi, 22 Februari

Kasulu. Tulikwenda kwa gari la shule, baiskeli tumeilaza juu ya magunia ya maharage, mimi nimeishika njia nzima.

Gasper amekuwa wa tatu! Alivaa katambuga zake za tairi, upande bapa. Kwenye kilima cha mwisho aliwapita vijana wawili wenye viatu vya kunasa vya kwelikweli, na mmoja wao alipotaka kusimama akaanguka polepole, mzima mzima. Nilimjua yule kijana kwa moyo wangu wote. Nilikimbia nikamnasua. Kisigino kwa nje, nilimwambia, na ulegeze skrubu. Kumbe hilo nalijua vizuri nikimwambia mtu mwingine.

Nikainuka, na Firdausi alikuwa amesimama pale.

Nilikuwa na spana mdomoni. Niliitoa. Alisema baba yake amempigia simu na kumsimulia. Nikauliza amesimulia nini. Akasema vyote, na muhindi. Kisha akauliza, bila kunicheka, au labda kidogo, "Kwa nini hukuchagua zile za sura mbili tangu mwanzo?"

Nilisema ni habari ndefu.

"Mimi nina nafasi," akasema.

Ana nafasi! Mtu mwenye akili angezungumza habari nyingine. Mimi nilimweleza tofauti ya kibati cha skrubu tatu na cha skrubu mbili. Nilimweleza upotevu wa nishati. Nilichora mchangani. Alisikiliza mpaka shangazi yake alipomwita mara ya pili, akaondoka, akageuka, akasema mwezi wa Sita kuna mashindano mengine hapahapa na tusikose kuja. Tusikose. Wingi. Lakini alinitazama mimi, siyo Gasper. Nina uhakika karibu wote.

Jumapili, 23 Februari

Nimetafakari tangu misa. Nimekosea wapi? Nimelijua kosa. Nilichagua aina isiyofaa.

Kwenye ukurasa wa nyuma wa karatasi ya Kifaransa, kwa herufi ndogo, kuna aina ya nne ambayo sikuisoma vizuri. Haina kibati cha kunasa hata kidogo. Ina sumaku. Kiatu kinavutwa kwenye pedeli kwa sumaku, na ukitaka kushuka kumsalimia mzee unautoa mguu tu, kwa upole, kama mtu anayebandua kalenda ya sumaku kwenye mlango wa friji. Hakuna kuanguka. Na kwa kuwa lazima mtu awe na viatu vyenye chuma, na chuma hicho nitakigonga mimi kwa kipimo cha 39, basi Gasper, mapaja yake yote na ndizi zake zote...

Ni uchaguzi wa kitaalamu.

Sumaku nzuri hupatikana ndani ya spika za redio mbovu. Mzee Khamisi amenipa moja. Inahitajika ya pili. Redio ya Bibi bado inaongea, lakini leo wakati wa matangazo ya vifo nimeisikiliza kwa makini, na naona kama inaanza kukwaruza.